Mvua ya Baba Inayokwenda Misri

Mwaka ule chemchemi ya mama ilikuwa inakufa, na mtu wa maji katika familia yetu ni mimi. Niseme mapema kwamba sichimbi visima wala siweki mabomba. Mimi nachora tu njia ya maji. Nafanya kazi Beni, katika komini ya Bungulu, kwenye biro ndogo inayotengeneza ramani za mito na chemchemi. Lakini nyumbani, kwenye vilima vya upande wa Musienene, nani atajali tofauti hiyo? Maji yakipungua watu wanamuuliza mama: na yule binti yenu wa maji anasema nini?

Chemchemi yenyewe iko chini ya nyumba yetu, upande wa magharibi. Maji yanatoka mwambani, yanapita kwenye gome la mgomba, yanaangukia kwenye bidoni, dumu la plastiki. Si kitu cha kupiga picha. Zamani mama alikuwa akitega bidoni, anaanza fungu moja la rozari, na kabla ya kulimaliza bidoni imejaa. Mwaka ule alisali rozari nzima pamoja na litania, na bado bidoni ilikuwa na nafasi juu. Kiangazi kilipokaza, maji yalidondoka tu, ikabidi ateremke hadi mtoni, chini kabisa bondeni, kwa njia inayoteleza hata bila mvua. Kushuka aliweza. Kupanda na mzigo, goti lake la kulia lilikuwa limekataa.

Mshitakiwa wake alikuwa ameshampata. Juu ya chemchemi, pale kilima kinapolala kidogo, pana mikalitusi ya baba. Kila mtu kwetu ana mikalitusi, ni mbao, ni makala, ni akiba ya mtu asiyekwenda benki. Ya baba ilikuwa tofauti, kwa sababu ilikuwa ni sisi. Kwetu Wanande hata jina la mtoto linasema amezaliwa wa ngapi, na baba alitaka shamba lake liseme hivyo hivyo. Alipozaliwa mkubwa wetu alipanda kipande cha kwanza, karibu na chemchemi. Alipozaliwa wa pili akapanda kando yake, kuelekea mashariki. Mimi ni wa tatu. Akaendelea hivyo hadi kwa kitinda mimba, wa sita, ambaye miti yake iko mwisho kabisa, kule jua linakotokea. Wanaume wengine walikata miti yao kulipia shule. Baba alikataa, akalima viazi na maharagwe mpaka mgongo ukapinda, nasi tukasoma. Miti ikabaki imesimama, na kila Jumapili baada ya Misa alipita katikati yake akiipigapiga kwa mkono.

“Batoto yako banakunywa maji yangu,” mama alikuwa akimwambia.

“Miti inakunywa mvua ya Mungu,” baba alijibu. “Hata weye unywe yako.”

Mabishano hayo yalikuwa ya kila siku, na hakuna aliyekasirika kweli. Walikuwa wakibishana hivyo huku wakimenya viazi kwenye beseni moja. Kisha nikaja mimi na karatasi yangu.

Nieleze kidogo kazi yetu, maana bila hiyo baba ataonekana mtu wa ajabu kuliko alivyo. Setilaiti imepita juu ikapima urefu wa nchi. Tunachopata si picha ya nyumba na barabara. Nchi imekatwa vipande vidogo vya mraba, kila kimoja na upana wa mita thelathini hivi, na kila kipande kimepewa namba moja tu: hapa uko juu kiasi hiki. Tunaiita modeli ya miinuko. Ukiiambia kompyuta ifuate namba, kutoka kubwa kwenda ndogo, inakuonyesha tone la mvua likianguka hapa litapita wapi na litakutana na wenzake wapi. Inakuonyesha pia chemchemi fulani inalishwa na upande gani wa kilima. Kwa kazi hiyo tunajua pa kulinda: usilime hapa, chimba mitaro pale, usipande miti yenye kiu juu ya watu.

Biro ilikuwa inaandaa ramani ya chemchemi za upande wetu. Nilitoa karatasi ya kwanza, ya majaribio, nikaenda nayo nyumbani mwisho wa juma ili wazazi wanitajie vijito. Wao wanavijua vyote, hata vile vinavyoonekana wakati wa mvua tu. Tulikuwa tumemaliza kula. Nikatandika karatasi mezani, baba akavaa miwani yake ya kusomea Injili.

“Hii mustari ya mweusi ni nini?”

Nikamweleza kwamba ni mgongo wa nchi. Mvua ikinyesha upande huu wa mstari inakwenda magharibi, inaingia mito ya pori, mpaka mto Kongo. Ikinyesha upande ule inateremka Semliki, halafu Nile, halafu Misri.

“Na miti yangu iko wapi?”

Nikaweka kidole. Ilikuwa upande wa Misri, yote, kuanzia kwa mkubwa hadi kwa kitinda mimba. Mstari mweusi ulipita kati ya miti na chemchemi kama mtu aliyeitwa kuamua ugomvi wao. Nikasema haraka, “Papa, hii ni projé tu, bado hatujahakikisha.” Nilisema mara nyingi. Baba alikuwa ameshasikia neno moja, na neno lenyewe lilikuwa Misri.

Alinyanyuka, akatafuta misumari, akaipigilia karatasi ya biro ukutani sebuleni, chini ya msalaba. Jumapili, nje ya kanisa, alimsimulia katekista, akawasimulia wanakwaya, akamzuia hata mwalimu mmoja aliyetumwa kwetu kutoka Kasai, ambaye alitaka tu kwenda kula. Kwamba mvua ya miti yake inafika Misri. Kwamba setilaiti imeona. Kwamba kule ndiko Yosefu na Maria walikimbilia na mtoto Yesu, kwa hiyo Familia Takatifu ilikunywa maji iliyotoka kwake.

“Yesu alikunywa,” mama akasema mbele ya watu. “Miye bado.”

Watu walicheka, baba pia alicheka. Lakini jioni ile jikoni mama hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, anaukanda kwa mafuta ya mawese.

“Ile karte yako ya ukutani inasema kweli?”

“Sijui, mama. Ile haijakwisha.”

“Basi malizia. Kiangazi ingine ikikuja na maji haiko, miye nitaenda kwa dada yako Butembo, kwenye robiné, maji inatokea ndani ya nyumba. Siwezi tena ile mulima. Baba yako abakie na Misri yake.”

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, na ndiyo iliyonitisha. Mama hajawahi kulala nje ya nyumba ile ila kwa kujifungua na kwa matanga. Baba alikuwa mlangoni, anapangusa jembe. Alijifanya hakusikia, akaendelea kulipangusa jembe lililokuwa safi tayari. Nilirudi Beni na hasira, na sikujua hasira hiyo nimpe nani: baba, mstari mweusi, au setilaiti.

Jumatatu nilifungua modeli, nikakuza kile kipande chetu cha kilima mpaka miraba ikawa mikubwa kama vigae. Nikaipa kila namba rangi yake: nyekundu juu, kisha machungwa, njano, hadi kijani chini. Nilitegemea kuona kilima. Nikaona ngazi. Ngazi sita, zimepangwa vizuri, zinashuka kutoka magharibi kwenda mashariki, na ngazi ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko zote. Nikaangalia tena. Kilima gani kinashuka kwa ngazi? Halafu nikaona pengo kubwa kati ya ngazi ya nne na ya tano, nikakumbuka kwamba kati ya wa nne na wa tano mama aliumwa muda mrefu na hakuzaa. Nikaanza kucheka peke yangu bironi.

Mkuu wetu akaja kuangalia nini kinachekesha. Nikamwonyesha: huyu ni mkubwa wetu, huyu wa pili, huyu mimi, na huyu mfupi hapa ni kitinda mimba. Setilaiti haikuwa imegusa udongo wa baba hata kidogo. Ilipima vichwa vya miti. Miti ya mkubwa imekua miaka mingi, ya mdogo miaka michache, na ile tofauti ya umri modeli ikaisoma kama mteremko. Kwa hiyo ilimwaga mvua kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, moja kwa moja mpaka Misri.

Jambo lenyewe halikuwa geni kwetu. Upande wa Oicha, pale pori linapokoma na kakao kuanza, modeli inachora ukuta ambao haupo, na tumezoea kuusahihisha. Ila pale nyumbani macho yangu hayakuwa yameona pori. Yalikuwa yametuona sisi.

“Basi udongo unakwenda wapi?” mkuu akauliza.

Hapo kicheko kiliniishia. Modeli haikujua, nami sikujua. Chini ya mikalitusi majani yamejaa mpaka kifundo cha mguu, ukitembea mguu hauwezi kukuambia kama unapanda au unashuka. Ilibidi kupima chini, kwa mikono, na chini ni kwa baba. Nikampigia simu.

“Papa, setilaiti haikuona udongo. Iliona majani.”

Nikamsikia akiweka jembe chini.

“Setilaiti iko juu,” akasema. “Weye uko Beni. Nani iko karibu na miti yangu?”

“Ni weye, papa.”

“Basi kuja. Tutapima, na utaona.”

Nikashukuru kwamba wazo limekuwa la kwake. Nikapata nafasi kwenye gari la Butembo, na kabla ya kuchukua pikipiki ya kupanda kwetu nikaingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua mpira mrefu mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao waashi wanautumia kupata niveau, usawa wa msingi. Hauna siri. Unaujaza maji, mtu mmoja anashika mwisho huu kwenye fimbo, mwingine mwisho ule kwenye fimbo ya pili, na maji yanasimama sawa pande zote mbili, yapende yasipende. Aliyesimama mahali pa chini, kwake maji yanaonekana yamepanda zaidi kwenye fimbo. Baba na mama wote walikuwepo nyumba yetu ilipojengwa, walishaona kazi hiyo.

Tuliingia kwenye miti baada ya Misa ya kwanza, jua likiwa bado halijachoma. Baba alivaa koti. Nilipotaka kusoma vipimo akakataa.

“Weye uko upande ya mama yako.”

“Basi mama asome.”

“Uyu njo kabisa, iko upande yake mwenyewe.”

Kwa hiyo baba alisoma peke yake, fimbo zote mbili. Anasoma kwake upande wa mashariki, ananikabidhi fimbo, anakanyaga majani hadi kwa mama upande wa magharibi, anasoma, anarudi. Mama alisimama wima ameshika fimbo yake, kichwani kitambaa chake kizuri cha kanisani, hasemi kitu, na kutokusema kitu kwa mama ni kazi nzito. Tulianza kwa kitinda mimba. Maji kwa mama yalisimama juu kuliko kwa baba.

“Kuna hewa ndani ya mupira,” baba akasema.

Kweli kulikuwa na povu. Tukatoa hewa, tukajaza upya, tukapima tena. Kwa mama yakasimama juu. Tukasogea hadi kwa wa tano, majibu yale yale. Kwa wa nne baba alibadilisha fimbo, akampa mama ile ya kwake, kwa kuwa ile ya mama aliishuku. Kwangu, kwa wa tatu, alipiga magoti kabisa, akaondoa majani kwa mikono mpaka akapata udongo mwekundu, akasimamisha fimbo hapo. Maji kwa mama yakapanda zaidi. Kila tulivyosogea magharibi ardhi ilishuka, taratibu, chini ya miti ambayo juu yake ilikuwa inapanda. Tulipofika kwa mkubwa hatukuhitaji mpira. Ardhi inainama pale kwa macho, na mbele yake, chini tu, ni chemchemi.

Baba alivua koti. Alikaa kwenye mzizi wa mti wa mkubwa, akaangalia kule chini kwenye gome la mgomba lililokuwa linadondosha tone, linangoja, linadondosha lingine. Niliogopa ataniambia mpira unadanganya.

“Nilipandia batoto,” akasema, “nikakausha mama yao.”

Mama alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa miaka yote. Badala yake akaweka fimbo chini, akakaa kando yake juu ya majani, na goti lake lile akalinyoosha mbele yao wote wawili.

“Ulipanda muzuri,” akamwambia. “Ni Mungu aliweka mulima vibaya.”

Juma lile baba alitupigia simu mmoja mmoja kutuomba ruhusa ya kukata, kwa zamu, kuanzia kwa mkubwa, kwa sababu kwake utaratibu ni utaratibu. Mkubwa alisema kata. Wa pili aliuliza kama mbao zitamfikia. Kitinda mimba, ambaye miti yake iko mbali na chemchemi na haikuwa hata kwenye hesabu, alilalamika kuliko wote, kwamba yake haijafika hata ya kutoa nguzo na tayari inasemwa. Baba akamwambia yake itabaki, na ya wa tano pia, aache kulia. Wanne wa kwanza tukakatwa.

Mimi nilijiona mtu wa sayansi. Nikasimama pale msumeno ukiingia kwenye miti yangu, nimeshika simu ya kupiga picha, na mti wa kwanza ulipoanguka nikalia machozi ya kweli, hadi wapasua mbao wakaniuliza kama nimeumizwa na kijiti. Nikasema ndiyo. Mama akanipa kona ya kitenge chake, akanicheka siku nzima.

Mkalitusi ukiukata hauondoki, unachipua tena kwenye kisiki, na machipukizi yake yana kiu kama ya wazazi. Baba aliyafuata yote kwa panga, kila alipopata nafasi, na mahali pa miti akachimba mitaro ya kukinga maji kukata mteremko, akapanda majani ya mifugo kwenye kingo na maharagwe katikati. Bironi nilisahihisha namba, mstari mweusi ukahamia mashariki, na chemchemi ikapata kilima chake. Mvua zikaja, zikapita. Mama kwenye simu hakuwa anataka kuzungumzia maji. Alisema anaogopa kuyataja yakamsikia.

Kiangazi kilichofuata nilipanda nyumbani siku ya soko, asubuhi. Pikipiki iliniacha chini ya kilima, na pale penye njia ya chemchemi nikakuta wanawake wamesimama na vikapu vyao vya viazi, wanacheka kwa kujibanabana. Nikatazama walikotazama. Mwanaume alikuwa anapanda njia ya chemchemi amebeba bidoni mgongoni, na kamba yake imepita kwenye paji la uso, vile wanawake wetu wanavyobeba. Wanaume kwetu wanabeba begani, au kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Kwa kamba ya paji hawabebi, hata wakiwa peke yao. Bidoni ilikuwa imejaa hadi mdomoni, maji yanamwagika kidogo kila hatua, na mtu huyo alikuwa baba.

“Papa,” mmoja wa wale wanawake akamwita, “mama iko mugonjwa?”

Baba alisimama. Mtu aliyebeba kwa kamba hawezi kuinua kichwa, kwa hiyo alijibu akitazama ardhi.

“Hapana. Iko muzima,” akasema. “Ni vile sitaki aende Butembo.”

Wanawake wakaacha kucheka, wakampisha njia. Kwetu binti akikuta baba yake amebeba, anampokea mzigo, hata asipoombwa. Mimi nilimfuata nyuma hadi nyumbani, na sikumpokea.